Kufunga naitrasi kwenye Chevrolet 350 ya kabureta

Naitrasi, gesi inayoingizwa kwenye injini ili kuiongezea nguvu, yenyewe haiwaki. Joto la silinda likipita karibu nyuzi 300 za Selsiasi, gesi hii huvunjika na kuachia oksijeni, ambayo ni asilimia 36 ya uzito wake. Hewa tunayovuta ina asilimia 23 tu. Oksijeni hiyo inadai petroli ya ziada. Isipoipata, pistoni zinayeyuka. Ndiyo maana kazi huanza kwenye petroli na moto wa plagi, na mtungi wa gesi hufungwa mwisho, ingawa wengi huanza nao kwa sababu ndio unaoonekana.

Mfano wetu ni V8 (injini ya silinda nane) ya Chevrolet 350 ya miaka ya 1970, yenye kabureta ya Holley ya koo nne na pistoni za kiwandani za kumimina. Usivuke hospawa (nguvu za farasi) 100 za ziada. Zaidi ya hapo joto hutanua ringi hadi ncha zake zinagusana, na kingo ya pistoni inayoshika ringi inapasuka. Kabla ya kununua chochote pima kompresheni, plagi zote zikiwa nje na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Tofauti kati ya silinda bora na dhaifu isizidi asilimia 10. Injini inayotoa moshi wa bluu iache kabisa, kwa sababu oili ikiingia chumbani hushusha oktani ya petroli (uwezo wake wa kutolipuka ovyo) na injini huanza kugonga, yaani mchanganyiko hulipuka badala ya kuwaka taratibu.

Hospawa 100 zinahitaji takriban lita 35 za petroli kwa saa, mbali na ile inayonywewa na kabureta. Pampu ya zamani inayosukumwa na injini mara nyingi haiwezi zote mbili, kwa hiyo naitrasi ipewe pampu yake ya umeme, filta yake na regyuleta (kidhibiti presha) yake. Pima hivi: elekeza bomba lenye jeti (kitundu kinachopima mtiririko) ya petroli kwenye chombo, nje, mbali na cheche, fungua solenoidi (valvu ya umeme) kwa sekunde 30. Upate karibu mililita 300. Weka presha psi (ratili kwa inchi ya mraba) 5.5 hadi 6 petroli ikiwa inatiririka. Presha inayosomwa mfereji ukiwa umefungwa inadanganya: petroli ikianza kutembea, inashuka.

Taimingi, yaani wakati wa cheche ya plagi, irudishwe nyuma nyuzi 2 za mzunguko wa injini kwa kila hospawa 50. Kama jumla ilikuwa 34, shuka hadi 30, ukipima kwa taa ya taimingi kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, mpira wa vakyumu wa distributa ukiwa umechomolewa na kuzibwa. Plagi ziwe baridi kwa hatua moja, pengo milimita 0.9, na ncha fupi. Ncha ndefu hugeuka kaa la moto na kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati.

Sahani ya naitrasi, inayonyunyiza gesi na petroli, hukaa kati ya kabureta na manifoldi (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda), gasketi juu na chini, bomba la naitrasi likiwa juu ya lile la petroli. Inainua kabureta, kwa hiyo angalia kama boneti bado inafunga na kama waya wa pedali ya mafuta unafungua koo zote hadi mwisho. Jeti fuata jedwali lililokuja na seti ya vifaa, na usizibadilishane: ya naitrasi ikikaa upande wa petroli, safari ya kwanza ndiyo ya mwisho. Kwenye skrubu za viungo vya mabomba usitumie tepu nyeupe. Vipande vyake huziba jeti.

Umeme upite kwenye swichi kuu, fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), swichi ya presha ya petroli, swichi ya mizunguko, kisha swichi ndogo inayobanwa pedali ikifika chini kabisa. Ruhusu gesi kati ya mizunguko 3,000 na 5,500 pekee. Chini ya hapo petroli hutuama ndani ya manifoldi na kulipuka, na kabureta huruka nayo. Jaribu kila swichi mtungi ukiwa umefungwa, na usifungue solenoidi ya naitrasi injini ikiwa imezimwa. Ikitokea, funga mtungi, chomoa waya wa koili, kanyaga pedali ya mafuta hadi chini na zungusha injini kwa stata hadi gesi iishe.

Mtungi wa ratili 10 hufungwa kwenye buti kwa mabano ya chuma, valvu ikitazama mbele na kuinuliwa kidogo, lebo juu, ili bomba la ndani lifyonze kimiminika hata gari likichomoka. Bomba la dharura, linalotoa gesi presha ikizidi mno, litoke nje ya gari. Presha inayofaa ni psi 900 hadi 1,000. Ikizidi, gesi inaongezeka ilhali petroli ni ileile. Kwenye joto linalopita nyuzi 36, kimiminika hakibaki kimiminika, na presha ya mtungi uliofungiwa kwenye buti la gari lililoanikwa juani Phoenix au Mombasa hupanda haraka, kwa hiyo utoe mtungi. Kiasi kilichobaki kipime kwa mizani, si kwa geji. Kwa hospawa 100 tarajia mtungi udumu sekunde 100 hivi za matumizi.

Anza na jeti za hospawa 50, kwenye uwanja wa mbio. Baada ya sekunde tano zima injini gari likiwa bado linatembea, litelezeshe hadi lisimame, utoe plagi zote nane. Nukta nyeusi au chembe za alumini kwenye kauri ni injini iliyogonga: ongeza petroli au rudisha nyuzi 2 zaidi. Ncha ya chuma iliyogeuka bluu ni joto la kupita kiasi.