Pointi 12 kwa 20 zinapima nini? Kukagua mtihani wa hesabu wa darasa la sita

Mizani ya muuza sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) ikizidisha gramu 100 kila mara, haiyumbi: pima asubuhi, pima jioni, jibu ni lile lile. Ila uzito inaoonyesha si wa samaki. Mtihani nao una mambo hayo mawili. Uaminifu ni matokeo kutoyumba. Uhalali ni kupima kile ulichosema unapima. Uaminifu unaweza kuwepo bila uhalali. Kinyume chake hakuna, maana pointi zinazopanda na kushuka ovyo hazipimi kitu.

Anza na uhalali, hata kama wengi hukimbilia hesabu za uaminifu kwenye kompyuta. Kabla ya kuandika swali, chora jedwali la mada na masaa ziliyofundishwa. Kama sehemu (nusu, robo, theluthi) zilichukua masaa 16 kati ya 40, kwenye mtihani wa maswali 20 zinastahili 8. Mwalimu akiweka 3 kwa kuwa ni ngumu kuzitunga, pointi haziwakilishi tena somo.

Kisha soma kila swali kwa jicho la mtoto. Tuseme uko Bukavu na umeandika: « Maman achète 15 kg de haricots à Kadutu. Elle en écoule les deux tiers. Combien de kg lui reste-t-il ? » (Mama ananunua kilo 15 za maharage Kadutu, anauza theluthi mbili; anabaki na kilo ngapi?) Mtoto anajua vizuri kwamba theluthi mbili za 15 ni 10, lakini anakwama kwenye « écoule ». Akikosa, umepima Kifaransa chake, si hesabu. Mwite, umwombe aeleze kwa Kiswahili swali linataka nini. Akishindwa hapo, badilisha neno: « vend » (anauza) inatosha. (Kama ungekuwa unapima usomaji wa Kifaransa, neno hilo lingebaki.)

Baada ya kufanyisha, angalia kama kila swali linatenganisha wanaojua na wasiojua: panga kopi kuanzia ya juu hadi ya chini. Kwa wanafunzi 60, chukua 16 wa juu na 16 wa chini, yaani karibu asilimia 27 kila upande. Swali lililopatwa na 14 wa juu na 5 wa chini: 14 toa 5, gawa kwa 16, ni 0.56. Hilo ni zuri. Chini ya 0.20, lichunguze. Likiwa hasi, yaani wa chini wanalipata zaidi kuliko wa juu, angalia kwanza orodha yako ya majibu: mara nyingi kosa liko hapo.

Kwa uaminifu, gawa mtihani nusu mbili: maswali yenye namba witiri na yenye namba shufwa. Usigawe mwanzo na mwisho, kwa sababu mwishoni watoto wamechoka na wengine wameishiwa muda. Tafuta uwiano wa pointi za nusu hizo (corrélation: namba inayoonyesha jinsi pointi za nusu moja zinavyofuatana na za nyingine; 1 ni kufuatana kikamilifu). Ukipata 0.60, huo ni wa mtihani nusu. Kwa mtihani mzima tumia kanuni ya Spearman na Brown ya 1910: 2 × 0.60, gawa kwa 1 + 0.60, ni 0.75. Kwa intero (jaribio dogo) ya darasani inatosha; kwa kuamua nani apande darasa, ni kidogo. Kuongeza maswali ya aina ile ile husaidia.

Majibu ya kujieleza yanahitaji wasahihishaji wawili kwenye kopi kama 15, kila mmoja bila kuona pointi za mwenzake. Hapa uwiano peke yake hudanganya: mmoja akitoa pointi 2 pungufu kwa kila kopi, uwiano unakuwa 1 kamili, na mtoto mwenye pointi 11 kwa 20 kwa huyu ana 9 kwa yule, ameanguka. Kwa hiyo linganisha pia wastani wa kila msahihishaji. Wakitofautiana, waandike pamoja pointi za kila hatua, kwa mfano kwenye swali la maharage 1 ya kupata 10, 1 ya kutoa 10 kwenye 15, kisha wasahihishe upya.