TEXT, MTEXT au MLEADER: ipi uandikie kwenye ramani ya AutoCAD

Kabla ya kuchagua kati ya amri hizi tatu za maandishi za AutoCAD (programu ya kuchorea ramani za majengo), panga kimo cha herufi, maana hapo ndipo ramani nyingi huharibikia. Andika STYLE, chagua fonti (Arial inatosha kabisa), na kwenye kisanduku cha Height acha 0. Ukijaza namba hapo, TEXT haitakuuliza kimo tena. Ramani ikichorwa kwa milimita na kuchapishwa kwa skeli ya 1:100, herufi za 2.5 mm kwenye karatasi zinataka kimo cha 250. Kwa 1:50 ni 125. Ukiweka 2.5 tu, maandishi yatakuwepo ila kama vumbi.

Majina ya vyumba: TEXT. Andika TEXT, Enter, J (Justify, upangaji), Enter, MC (Middle Center, katikati kabisa), Enter. Bofya katikati ya chumba, weka 250, mzunguko 0, andika JIKO. Usifunge bado: bofya chumba kinachofuata uandike STOO, kisha SEBULE. Ukimaliza, Enter mara mbili.

Usiandikie maelezo marefu kwa TEXT. Kila mstari ni kitu peke yake, kwa hiyo ukiongeza neno kwenye "Zege la msingi 1:2:4", mstari unatokeza nje ya fremu na itabidi uukate kwa mkono. Hapo tumia MTEXT: bofya pembe mbili za eneo, andika, na maneno yatajikunja yenyewe. Kuwa mwangalifu na EXPLODE, kwani hurudisha MTEXT kuwa mistari iliyoachana. Dawa yake ni TXT2MTXT: ita amri, chagua mistari yote, Enter.

Kinachohitaji mshale, kama bati, kenchi au linta, kipe MLEADER. Wengi huchora mstari kisha huweka TEXT pembeni. Wakisogeza maneno, mstari unabaki ukining'inia. Kwa MLEADER, bofya kitu chenyewe, bofya mahali pa maandishi, andika. Ukiyasogeza kwa kishikio chake (grip), mstari unayafuata na ncha inabaki palepale. Yakikaa ovyo, yapange kwa MLEADERALIGN.

Ramani moja ikitokea kwa skeli mbili, weka tiki kwenye Annotative (maandishi yanayojirekebisha kimo kulingana na skeli) ndani ya STYLE, na kimo sasa kiwe 2.5 ya karatasi. Maandishi yakipotea kwenye dirisha la leyauti (viewport kwenye ukurasa wa kuchapishia), mara nyingi ni kwamba hayana skeli ya dirisha hilo: yachague, andika OBJECTSCALE, ongeza skeli inayokosekana.