Bustani ya maua na mboga kwenye ua wa Ngamiani

Ukitaka ua wako wa mjini utoe mchicha na asumini kwa pamoja, kwanza acha kuchoma majani. Hapa Tanga tunafagia kila asubuhi, tunakusanya majani ya mwembe pembeni, tunatia kiberiti, na mbolea nyingi inaondoka na moshi. Ardhi inabaki tupu, jua la kaskazi linaichoma, masika yakishuka yanazoa kidogo kilichobaki mpaka mtaroni. Inaniuma kuona hivyo. Fagia mlangoni na njia ya kupita watu. Kwingine acha majani yalale, au yasogeze mashinani mwa miti.

Kilimo cha namna hii huitwa permakalcha, jina lililoanzishwa na Bill Mollison na David Holmgren huko Australia miaka ya 1970. Ninachokipenda ni kwamba kinaanza kwa kutazama: jua linapita wapi, maji yanatuama wapi, upepo wa kusi unaingilia upande gani. Jembe baadaye.

Kisha ujue udongo wako. Sehemu nyingi za pwani yetu zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Chukua kijiko cha udongo mkavu, udondoshee siki. Ukichachatika na kutoa povu, una chokaa nyingi. Basi majivu ya jikoni usiyamwage bustanini, yanazidisha kilichokwisha zidi. Dalili utaiona kwenye majani machanga: yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Madini ya chuma yamo udongoni, ila chokaa imeyafunga, mmea hauyapati. Tia mboji na samadi iliyooza, usiwe na mkono wa birika, na urudie kila msimu.

Maji ya kuogea ni mali. Chimba shimo la duara, upana kama mita 2, kina kisichozidi mita 1, mbali na msingi wa nyumba na kisima. Udongo utakaotoa uzungushie ukingoni uwe tuta. Shimo lijaze makumbi ya nazi, majani, maganda ya machungwa ya Muheza. Matumbo ya samaki yafukie chini kabisa, paka wasiyafikie. Juu ya tuta panda migomba minne na mipapai miwili, na matembele yatambae katikati. Elekeza mfereji wa bafuni humo. Maji ya jiki usiyapeleke. Taka zikioza zinashuka, jaza tena. Ua ukiwa mdogo, punguza shimo, mgomba mmoja na mpapai vinatosha.

Vitanda vya mboga viweke karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu mboga iliyo mbali na macho husahaulika. Mchicha, bamia, nyanya chungu, na kunde kila mahali penye nafasi. Kunde zikikaribia kutoa maua, ng'oa shina moja taratibu utazame mizizi. Kuna vifundo vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu-chekundu ndani, vijidudu vyake vinavuta naitrojeni kutoka hewani na kulisha mmea. Ukimaliza kuvuna, kata mashina juu ya ardhi, mizizi iache iozee humo.

Maua usiyatenge kwenye vyungu vya barazani. Panda mrihani kati ya nyanya na biringanya, uache baadhi ya mashina yachanue, nyuki watakuja wenyewe. Yule mdudu mweusi mnene anayetoboa boriti msimwue: akitua kwenye ua la biringanya hulitetemesha mpaka chavua imwagike. Mwachieni gogo kavu pembeni. Asumini ipande penye jua na uisimamishie mti au kamba; inywe maji ya kutosha ila isisimame kwenye dimbwi. Vitumba huchumwa jioni, kabla havijafunguka, na pamoja na mrihani unakuwa na kikuba chako, kile kishada cha kunukia cha kujipamba, bila kwenda sokoni.

Wadudu wakizidi, ponda majani ya mwarobaini, yaloweke usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ya mche, nyunyiza jua likizama ili nyuki wawe wameshalala. Mboga zioshe vizuri kabla ya kupika. Kazi ya kuchimba na kufunika udongo ifanye Septemba, vuli ikikaribia. Mvua za kwanza zikilowesha ndipo upande mbegu.