Keshia wa Marekani akitaka kitambulisho unapolipa kwa kadi: fanya hivi

Mwongozo huu unamhusu anayelipa madukani Marekani kwa kadi ya Visa au Mastercard, awe mkaazi, mwanafunzi, au mgeni mwenye kadi ya benki ya Dar es Salaam au Nairobi. Kadi ya mkopo na kadi ya debiti zote zimo, zinapotofautiana nitasema. Kabla ya yote, ile kadi ya Social Security (yenye namba yako ya hifadhi ya jamii ya Marekani) iache nyumbani. Hakuna duka linaloihitaji ili likuuzie mchele, na ikipotea pamoja na pochi usumbufu wake hauishi upesi, wakati kadi ya benki unaifunga kwa kupiga simu moja.

Hatua ya 1: Jua kama kinachoulizwa ni bidhaa au ni kadi

Usifungue pochi wala mdomo kabla hujajua kitambulisho kinatakiwa kwa ajili ya nini. Pombe inataka uwe na miaka 21. Sigara na bidhaa zote za tumbaku pia ni 21, nchi nzima, tangu Desemba 2019. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine hukaa nyuma ya kaunta ya famasi, na sheria ya shirikisho ya 2005 inataka uonyeshe kitambulisho chenye picha na jina lako liingie kwenye kumbukumbu. Kwa hizi hakuna mjadala, hata ukilipa taslimu.

Kurudisha bidhaa bila risiti, au kuchukua dukani mzigo ulioagiza mtandaoni, ni utaratibu wa duka lenyewe na lina haki ya kukuuliza. Ukienda kuchukua fedha taslimu kwa kadi kwenye dirisha la benki, napo kitambulisho ni lazima.

Kinachobaki ni manunuzi ya kawaida: nguo, chakula, viatu, chaja ya simu. Hapo kanuni za kadi ziko upande wako. Visa inamruhusu mwenye duka kuomba kitambulisho, lakini haimruhusu kukifanya sharti la kupokea kadi. Mastercard nayo inamkataza kuvunja mauzo kwa sababu tu mwenye kadi amekataa kutoa utambulisho wa ziada, isipokuwa pale taarifa inapohitajika ili mauzo yenyewe yafanyike, mfano anwani ya kupelekea kabati ulilonunua.

Hatua ya 2: Tia saini nyuma ya kadi

Kalamu ya wino usiofutika, leo. Kadi yenye nafasi ya saini iliyo tupu huhesabiwa kuwa haijakamilika, na hapo kanuni zinageuka: keshia anatakiwa akuambie utie saini mbele yake na uonyeshe kitambulisho cha serikali, na ukikataa anaweza kuirudisha kadi. Wapo wanaoandika kwa Kiingereza “tazama kitambulisho” mahali pa saini wakidhani wanajilinda. Kwa kanuni, hayo maandishi ni sawa na pengo, kwa hiyo umejifungia mlango mwenyewe. Kadi mpya isiyo na nafasi ya saini kabisa haina tatizo. Mastercard iliziachia benki hiari hiyo tangu 2019.

Hatua ya 3: Gusisha, usiswaipu

Lipa kwa simu kama benki yako inaruhusu. Simu haimwonyeshi keshia jina wala namba ya kadi, kwa hiyo hana cha kulinganisha na kitambulisho, na ni nadra aulize. Ikishindikana, gusisha kadi. Ikishindikana tena, chomeka chipu. Kuswaipu, yaani kupitisha mstari wa sumaku wa kadi kwenye mashine, ni njia ya mwisho kabisa.

Sababu iko kwenye hasara. Tangu Oktoba 2015, kadi ya kughushi ikitumika kwenye duka lisilosoma chipu, hasara kwa kawaida humwangukia mwenye duka. Akisoma chipu, huibeba benki iliyotoa kadi. Aprili 2018 mitandao mikubwa ya kadi ilimwondolea mwenye duka hata ulazima wa kuchukua saini. Duka linalosoma chipu halina faida kubwa ya kukagua leseni yako ya udereva. Linaloswaipu linayo, ndiyo maana maduka madogo yenye mashine za zamani ndiyo yanayouliza zaidi.

Chipu ikigoma mara kadhaa, mashine yenyewe itaomba kadi iswaipiwe. Keshia anaweza kuishika kadi na kuingiza namba nne za mwisho. Mwache. Mashine inalinganisha namba zilizochapwa juu na zilizo kwenye mstari wa sumaku, maana kadi za kughushi mara nyingi hupishana hapo. Hiyo si taarifa yako binafsi.

Mwenye kadi ya debiti akiingiza namba ya siri, huo ndio utambulisho wake. Anayeomba leseni baada ya hapo anafuata mazoea tu.

Hatua ya 4: Onyesha, usikabidhi

Ukiwa na kitambulisho chenye jina linalolingana na la kadi, na keshia anataka kukitupia jicho tu, kionyeshe uendelee na safari. Kubishania kanuni kwa ajili ya katoni ya maziwa ni kupoteza muda wa waliopanga foleni.

Lakini kibaki mkononi mwako. Leseni ya Marekani ina anwani ya nyumbani upande wa mbele. Ifunike kwa kidole gumba. Nyuma kuna kile kiboksi cha vidoti vilivyosongamana: kimebeba jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni, urefu na rangi ya macho, na skana inavisoma vyote kwa mpigo mmoja. Kwa kulipia shati, skana haina kazi hapo. Mgeni atumie paspoti, maana ukurasa wake wa picha hauna anwani ya Marekani.

California ina sheria yake, Song-Beverly ya 1971. Hiyo hailizuii duka kutaka kuona kitambulisho; inachozuia ni kuandika au kuhifadhi taarifa zako kama sharti la kupokea kadi ya mkopo. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba hata namba ya ZIP, yaani namba ya posta ya eneo unaloishi, imo kwenye taarifa hizo. Namba ya simu na barua pepe zinazoulizwa kaunta, popote nchini, karibu kila mara ni za matangazo. Sema hapana, asante.

Hatua ya 5: Linganisha majina kabla hujatoka nyumbani

Hapa ndipo watu wetu wanapokwama. Keshia hakisomi kitambulisho. Anatazama sura na jina, tena kwa sekunde chache. Jina likipishana anasita, na akisita anamwita msimamizi wa zamu, ambaye naye hataki lawama.

Chanzo cha kwanza ni nafasi. Jina kwenye mstari wa sumaku wa kadi halizidi herufi 26, na nafasi tupu zikiwemo. Mwanaisha Abdulrahman Mohammed ni 30, kwa hiyo kadi inatoka MWANAISHA A MOHAMMED, au mbaya zaidi MWANAISHA ABDULRAHMAN, wakati leseni inasema Mohammed. Ya kwanza haina shida, kwa sababu makeshia wamezoea herufi moja katikati. Ya pili ndiyo ya kurekebisha.

Chanzo cha pili ni mpangilio. Kwetu majina ni lako, la baba, la babu. Fomu ya Marekani inataka la kwanza, la kati na la mwisho. Ofisa mmoja anachukua la baba kuwa la mwisho, mwingine la babu, na unabaki na Salim Omar kwenye kadi na Salim Bakari kwenye leseni. Dawa yake ni kufuata mistari miwili ya herufi za mashine iliyo chini ya ukurasa wa picha wa paspoti. Wa juu huanza na P, kisha kifupi cha nchi (TZA, KEN, COD), kisha jina la mwisho, kisha alama mbili <<, kisha majina mengine yote. Kilicho kabla ya zile << ndicho ofisi nyingi za Marekani zitakichukua kuwa jina la ukoo, upende usipende. Kwa hiyo unapofungua akaunti, usimwambie ofisa wa benki jina unaloitwa mtaani. Mfunulie huo mstari na umwombe aandike vilevile.

Tatu, wenye jina moja tu kwenye paspoti. Viza ya Marekani huwaandikia FNU (kifupi cha Kiingereza cha “jina la kwanza halijulikani”) mahali pa jina la kwanza, na FNU hiyo huweza kuwafuata hadi kwenye leseni. Keshia asiyeifahamu anadhani ndilo jina lako. Kuiondoa kwenye nyaraka ni kazi ya muda. Kwa sasa omba benki ichape kadi kama leseni ilivyo, FNU na yote. Inaonekana vibaya, lakini inalingana.

Kubadilisha jina kwenye kadi, piga namba iliyo nyuma yake. Kabla hujakata simu, uliza kama namba ya kadi nayo itabadilika. Ikibadilika, malipo ya kila mwezi ya simu, umeme na bima yaliyofungwa kwenye kadi ya zamani yanaweza kugonga mwamba.

Kadi zinazotolewa papo hapo kwenye kaunta ya benki za kwetu mara nyingi hazina jina kabisa, na kadi za zawadi za Marekani ni hivyo hivyo. Kitambulisho hakina cha kulinganishwa nacho. Mwambie hivyo keshia kwa upole, ukimgeuzia kadi aone.

Kisha kuna kadi ya baba mkononi mwa mtoto, au ya mume mkononi mwa mke. Nyumbani tunaona kawaida kumtuma mtu na kadi. Kwa kanuni, kadi ni ya aliyechapwa jina peke yake, na hapa keshia akikataa ana haki. Barua ya ruhusa haisaidii. Aliye na kadi ya mkopo aombe benki imwongeze mwenzake kuwa mtumiaji aliyeidhinishwa, apewe kadi yenye jina lake mwenyewe. Deni linabaki kwa mwenye akaunti, kwa hiyo chagua mtu wa kumwongeza kwa makini.

Hatua ya 6: Ukiamua kukataa

Sema mara moja, bila kupandisha sauti: kadi ina saini, mashine imeikubali, napenda kutoonyesha kitambulisho. Akishikilia, omba msimamizi. Akishikilia naye, lipa kwa simu au taslimu, au acha bidhaa kaunta uondoke.

Kanuni za Visa na Mastercard si sheria ya nchi. Zimo kwenye mkataba kati ya duka na benki inayolipokelea malipo, na wewe si sehemu ya mkataba huo. Polisi hawatalazimisha duka likuuzie, na ukiambiwa utoke ukagoma, kosa linahamia kwako. Kwa asiye raia hilo ni jambo la kuepuka kabisa.

Njia iliyo wazi ni malalamiko. Tovuti za Visa na Mastercard zina sehemu ya kuripoti duka. Andika jina la duka kama lilivyo kwenye risiti, anwani, tarehe na saa, kiasi, aina ya kadi, na maneno uliyoambiwa. Kama kuna bango kaunta linalosema kitambulisho ni lazima, lipige picha. Lina uzito kuliko maelezo yako yote. Hapo jambo hupelekwa kwenye benki ya duka.

Usikubali pia hoja kwamba wanakulinda wewe. Kadi ya mkopo ikitumiwa bila idhini yako, sheria ya shirikisho inaweka kikomo cha dola 50 kwa upande wako. Kwa debiti ni dola 50 ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue kadi imepotea au kuibwa, inapanda hadi 500 ukichelewa zaidi ya hapo, na ukipitisha siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti, yanayofuata yanaweza kukuangukia bila kikomo. Kinga yako iko kwenye ujumbe wa simu kwa kila muamala, na kuuwasha hakuhitaji dakika mbili.

Hatua ya 7: Pampu ya mafuta

Pampu itakuuliza namba ya ZIP ya anwani iliyo benki. Kadi ya Afrika Mashariki haina. Usibahatishe tarakimu, ingia ndani, taja namba ya pampu, lipa kiasi unachotaka. Tena ni bora hivyo kwa mwenye debiti, maana ukilipia nje pampu inaweza kuzuia hadi dola 175 kwenye akaunti kabla hata hujashika mpira.

Kwa mnaosimama upande wa pili wa kaunta

Wasomaji wengi wa mwongozo huu ni makeshia. Sera ya duka ikisema uombe kitambulisho, omba, lakini mteja akikataa na chipu imekubaliwa, mwite msimamizi aamue yeye. Usivunje mauzo kwa kauli yako. Waombe wote au usiombe yeyote. Anayeomba wateja wa rangi au lafudhi fulani peke yao analiingiza duka kwenye kesi ya ubaguzi. Namba ya leseni usiiandike kwenye risiti. Ukiwa na shaka ya kweli, mfano kadi ambayo namba zake nne za mwisho hazilingani na za mashine, piga kituo cha idhini cha benki ya duka useme “Code 10”. Watakuuliza maswali ya kujibu ndiyo au hapana ili mteja asielewe mnachozungumza. Wakikuambia uizuie kadi, fanya hivyo iwapo tu ni salama. Mteja akiinyakua, mwache aende nayo.