Las Vegas peke yako: siku tatu bila mtu wa kukuvuta shati

Mara ya kwanza nilipokwenda Las Vegas peke yangu, niliketi mbele ya mashine ya sloti nikidhani nimekaa dakika ishirini. Kumbe ni saa moja na nusu. Nilipoinuka, dola 240 zilikuwa zimeyeyuka, mguu mmoja umekufa ganzi na tumbo linanguruma. Sikuwa nimelewa, na kamari siyo ugonjwa wangu. Hata mkeka wa mpira huwa siweki. Nilichokosa ni mtu wa kunivuta shati aniambie, "Inuka, twende tukale." Ukienda na mwenzako, njaa yake inakuokoa. Ukienda peke yako, inabidi ujitafutie vya kukuvuta.

Safari ya pili nilijipanga kwa hilo, na ndiyo ninayokusimulia hapa. Kila jioni niliiwekea tiketi iliyokwisha kulipiwa, yenye saa yake. Saa moja na nusu usiku, kiti fulani, safu fulani. Tiketi uliyoitolea dola tisini inavuta shati kuliko rafiki yeyote. Na hapo ndipo msafiri wa peke yake anapopata upendeleo: watu hununua viti viwili viwili au vinne vinne, kwa hiyo hubaki kiti kimoja kimoja katikati ya safu nzuri ambacho hakuna anayekitaka. Fungua ramani ya viti mchana wa siku yenyewe. Mimi nilikaa safu ya sita kwenye onyesho la sarakasi, katikati ya familia mbili zisizojuana, na waliponiona niko peke yangu wakaanza kunipitishia bisi kutoka pande zote mbili.

Kwanza ujue ulipo

Strip, ile barabara unayoiona kwenye picha, ni kipande cha Las Vegas Boulevard chenye urefu wa kama kilomita 6.8, na sehemu yake kubwa haimo hata ndani ya mpaka wa jiji la Las Vegas. Las Vegas ya zamani iko kaskazini, mtaa wa Fremont. Basi linaloitwa Deuce linaunganisha pande hizo mbili usiku na mchana, na ukiwa peke yako ndilo la kupanda, kwa sababu hakuna wa kugawana naye nauli ya teksi. Ipo pia treni ya juu yenye vituo saba nyuma ya hoteli za upande wa mashariki. Haifiki uwanja wa ndege, usije ukaitegemea kwa hilo.

Macho yako yatakudanganya. Hoteli unayoiona "hapo tu" ni mwendo wa dakika ishirini. Inaonekana karibu kwa sababu ni kubwa kupita kiasi. Makutano makubwa unayavuka kwa madaraja ya waenda kwa miguu, na tangu Januari 2024 kuna kanuni ya kaunti inayokataza kusimama juu yake. Picha yako ya usiku ipigie chini.

Na joto. Tarehe 7 Julai 2024 kipimo kilifika nyuzi 48.9. Lile ni joto kavu la jangwa: jasho linakauka kabla hujalihisi, unajiona mzima, kumbe maji yamekwisha mwilini. Asubuhi toka nje, mchana kaa ndani, usiku toka tena. Beba chupa kila mahali.

Kuhusu chumba nitasema moja tu. Mara ya kwanza nilifurahia bei niliyoiona mtandaoni, nikafika mapokezi nikakuta kuna ada ya hoteli ya kila usiku inayokaribia bei ya chumba chenyewe, eti ya intaneti na bwawa ambalo sikuwahi hata kuliona. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali ya shirikisho inazitaka hoteli zionyeshe jumla tangu mwanzo, kwa hiyo linganisha jumla na jumla. Jumapili hadi Alhamisi huwa nafuu zaidi kuliko Ijumaa na Jumamosi.

Bahasha tatu

Kazi yangu ni mahesabu, nivumilie kidogo.

Nilikwenda na bahasha tatu, dola sitini kila moja, moja kwa kila siku. Kadi ya benki ilibaki ndani ya sefu ya chumbani. Mashine za kutolea pesa zilizomo ndani ya kasino hukata ada nzito, na zimewekwa pale kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuacha kufikiri. Bahasha ikiisha, siku imekwisha. Ukishinda, ulichoshinda hakirudi kwenye bahasha; kinapanda nawe juu kwenye sefu.

Pasipoti utaihitaji, maana chini ya miaka 21 huruhusiwi kucheza. Wengi wakiwa peke yao hukimbilia mashine kwa sababu wanaona aibu kukaa mezani bila kujua taratibu. Mimi nakwambia nenda mezani. Mashine unaibonyeza mara kumi kwa dakika, na kila bonyezo ni dau. Mezani watu wanachanganya karata, wanataniana, mmoja anakuuliza umetoka wapi, na muda unapita pesa zikiwa bado zipo. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, saa nne hivi, kasino ikiwa nusu tupu. Mgawa karata ana nafasi ya kukufundisha, na dau la chini kabisa mara nyingi huwa dogo kuliko la usiku.

Mara ya kwanza kukaa kwenye meza ya blackjack, mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuipita, nilinyoosha mkono kumkabidhi mgawa karata noti zangu tatu za ishirini. Alirudisha mikono yake nyuma kama niliyemwonyesha kaa la moto. "Mezani, mama," akasema kwa upole. "Weka mezani." Haruhusiwi kupokea pesa mkononi mwako, kwa sababu kila kitu lazima kionekane na kamera zilizo darini. Nilipoziweka, alizitandaza moja kando ya nyingine, akataja jumla kwa sauti, msimamizi nyuma yake akachungulia na kuitikia, ndipo akanisukumia chipsi, vile vidude vya duara vinavyotumika mezani badala ya pesa. (Chipsi hizi hazina viazi.) Noti zangu akazishindilia kwenye upenyo mwembamba wa meza kwa kijiti cha plastiki, zikatumbukia. Kile kijiti nilikichukia papo hapo.

Yaliyobaki ni mepesi. Simu weka mfukoni. Karata zikigawiwa zimefunuliwa, usiziguse. Ukitaka nyingine gonga meza kwa kidole. Ukiwa umetosheka pitisha kiganja juu ya karata zako kama unayefukuza nzi. Kusema kwa mdomo hakutoshi, ni kamera zilezile.

Kabla hujakaa, soma maandishi ya kwenye kitambaa. Ukipata blackjack yenyewe, yaani 21 kwa karata mbili za kwanza, kuna meza zinazolipa 3 kwa 2 na zinazolipa 6 kwa 5. Kwa dau la dola 10, ya kwanza inakupa 15, ya pili 12. Hizo tatu zinazopotea ndizo zinazojenga minara. Ruleti nayo, lile gurudumu la namba linalozungushiwa kigololi, ihesabu sufuri. Gurudumu la sufuri moja linaibakizia nyumba, yaani kasino, asilimia 2.7 ya kila dau kwa wastani. La sufuri mbili asilimia 5.26, na siku hizi kuna la sufuri tatu, asilimia 7.69. Namba uliyoichagua ikitokea unalipwa 35 kwa 1 kotekote, ndiyo maana wageni hawaoni tofauti. Mimi gurudumu la tatu huwa nalipita kama ninayemkimbia mdai.

Na kama bahati ya mtende ikuangukie kwenye mashine, ujue mgeni hukatwa kodi ya asilimia 30 kwenye jakipoti kubwa za sloti, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani. Blackjack na ruleti hazikatwi hivyo kwa wageni. Vinywaji vya wanaocheza ni bure. Mhudumu mwachie dola moja au mbili. Maji pia ni kinywaji, agiza maji.

Mchana wa kwanza na wa pili: uende kwenye taa za zamani

Chemchemi za hoteli ya Bellagio utaziona tu, huwezi kuzikwepa, na ni nzuri kweli, hasa usiku zinaporuka kila robo saa. Ingia ndani ukatazame bustani ya maua, hailipiwi, na uinue macho mapokezini uone maua ya vioo ya msanii Dale Chihuly darini. Flamingo wa kweli wako nyuma ya hoteli ya Flamingo, bure pia. Sphere, ule ukumbi wa maonyesho wenye umbo la mpira, unaonekana vizuri kabisa kutoka nje. Hayo yote ni ya nusu siku.

Mahali pa kukaa kwa utulivu ni kaskazini. Mob Museum, makumbusho ya magenge ya uhalifu, iko ndani ya jengo la mwaka 1933 lililokuwa posta na mahakama ya shirikisho, na katika chumba cha mahakama hicho hicho ndimo kamati ya seneta Estes Kefauver ilipohoji watu kuhusu magenge ya uhalifu mwaka 1950. Humo umo ukuta wa matofali wa Chicago ambapo watu saba walipigwa risasi siku ya wapendanao mwaka 1929. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa tarehe hiyo hiyo, 14 Februari, mwaka 2012. Tenga muda wa saa tatu. Kusoma maandishi ya ukutani bila mtu anayekohoa kukuharakisha ni raha ambayo wenye familia hawaijui.

Jioni nenda Neon Museum, uwanja zilikolazwa taa za matangazo za hoteli zilizokufa. Kata tiketi ya giza likishaingia. Utaingilia ukumbi wa mapokezi wa iliyokuwa moteli ya La Concha, paa lake limepinda kama ganda la kombe. Aliyeuchora ni Paul Revere Williams, Mmarekani mweusi aliyejizoeza kuchora juu chini, ili wateja weupe wakae upande wa pili wa meza waone mchoro umewaelekea bila kulazimika kukaa naye bega kwa bega. Nilipoambiwa hilo nilirudi ndani kulitazama paa mara ya pili.

Humo humo utakuta herufi nyekundu za Moulin Rouge. Hoteli hiyo ilifunguliwa Mei 1955, ya kwanza mjini hapa kupokea weusi na weupe pamoja, na ikafungwa kabla mwaka haujaisha. Kabla yake, wanamuziki weusi kama Nat King Cole na Sammy Davis Jr. waliweza kujaza kumbi za Strip usiku, lakini kulala walipelekwa vyumba vya kupanga mtaa wa Westside. Machi 1960, kwa tishio la maandamano, viongozi wa weusi na wenye mahoteli walikutana ndani ya Moulin Rouge hiyo hiyo iliyokwisha kufungwa, wakakubaliana kuondoa ubaguzi. Mimi, mweusi mwenye ufunguo wa chumba cha ghorofa ya kumi na tisa mfukoni, nilisimama pale mpaka mwongoza wageni akaja kuniambia kundi limeshapita kona.

Siku ya tatu: toka mjini

Red Rock Canyon iko kama kilomita 27 magharibi, na barabara yake ya kuzunguka miamba myekundu ni ya kilomita 21, mwendo wa upande mmoja. Kuanzia Oktoba hadi Mei unahitaji kuweka nafasi ya saa ya kuingia ukienda na gari. Mtego wa mtu wa peke yake uko hapa: gari la kuitwa kwa simu litakufikisha vizuri, kisha simu inakosa mtandao na hakuna wa kukurudisha. Kodi gari au jiunge na basi dogo la watalii. Ukipanda mlima, mtu mmoja duniani ajue umekwenda njia ipi na unarudi saa ngapi.

Grand Canyon, ule ukingo wa kusini unaouona kwenye picha, uko kilomita 450 hivi. Kuendesha peke yako kwenda na kurudi siku moja ni kujitafutia ajali. Badala yake nilikwenda bwawa la Hoover, chini ya saa moja kwa gari, ukuta wa mita 221 uliokaa juu ya mpaka wa Nevada na Arizona. Minara ya maji ina saa mbili kubwa, moja ya kila jimbo. Wakati wa baridi zinapishana saa moja. Wakati wa kiangazi zinalingana, kwa kuwa Arizona haisogezi saa zake. Nilikwenda Agosti, nikasimama nikisubiri tofauti ambayo haikuwepo.

Usiku, mambo machache ya njiani. Kula kwenye kaunta ya baa, kiti kimoja hupatikana hata mlango ukiwa na foleni. Waliovaa manyoya wanaokukumbatia kwa picha wanataka pesa, ulizia kwanza. Kadi za wasichana unazopewa kando ya barabara zipite: ukahaba ni kosa la jinai katika kaunti hii, hata watu waseme nini. Namba ya chumba chako usimtajie mtu.

Uwanja wa ndege wa Harry Reid una mashine za sloti karibu kabisa na milango ya kupandia. Nilifika saa mbili kabla ya ndege, bahasha ya tatu ikiwa na dola 11, na hakuna tiketi ya onyesho lolote ya kuniinua. Nilichagua kiti mbele ya mashine, nikakitazama, kisha nikasogea viti vitatu mbele hadi kwa bibi mmoja aliyekuwa akifuma sweta, nikamwomba anilindie begi nikanunue chai. Zilibaki dola sita.