Kabla hujafunga kontrola ya breki za trela kwenye gari lako

Anayevuta trela kutoka Mau Summit kuja Nakuru lazima apite mteremko wa Sachangwan na Salgaa. Anayetoka Kericho kwenda Kisumu hushuka kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi takriban 1,130 ufuoni mwa Ziwa Victoria. Kwenye miteremko kama hiyo ndiko hujulikana kama trela ina breki zake au inategemea za gari. Trela ya tani moja na nusu, iwe imebeba ng'ombe au marobota ya nyasi kavu, haikungoji usimame. Inakusukuma kwa nyuma, na kwenye kona yenye utelezi inaweza kugeuka na kulivuta gari upande.

Kontrola ya breki imewekwa kwa ajili hiyo. Ni kifaa kidogo kinachokaa chini ya dashibodi na kupeleka umeme kwenye breki za trela kila unapokanyaga pedali. Ina nyaya nne tu, na kwa kuwa ni nne, wengi huiona kama kazi ya nusu saa gereji. Mimi naamini kazi hii hufaulu au huharibika kabla waya ya kwanza haijakatwa, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye maandalizi.

Anza na trela, gari baadaye. Trela nyingi ndogo za kutengenezwa jua kali hazina breki kabisa. Nyingine zina breki za msukumo: gari likipunguza mwendo, trela inasukuma mbele, shingo yake inaingia ndani na kukaza breki kupitia kebo ya chuma. Hizo hazihitaji kontrola, na ukinunua moja kwa ajili yake umetupa pesa. Lala chini uangalie nyuma ya kila gurudumu. Ukiona nyaya mbili zinaingia kwenye bamba la breki, hizo ni breki za umeme. Ndani ya dramu kuna sumaku ya umeme. Ikipata umeme hujibandika kwenye uso wa dramu inayozunguka, huburutwa kidogo, na mkono ulioishika hupanua viatu vya breki. Umeme ukiongezeka, breki hushika zaidi.

Ukishazitambua, zipime. Sumaku nzima huonyesha ukinzani wa kati ya omu 3 na 4 kwenye multimita (mita ya kupimia umeme). Trela ya ekseli moja, sumaku mbili zikiwa pamoja, itaonyesha karibu nusu ya hapo, na ya ekseli mbili itashuka chini kidogo ya omu 1. Mita ikisoma sifuri, waya imegusana na chuma au na mwenzake. Isiposoma chochote, waya imekatika, na mahali pa kwanza pa kutazama ni pale inapopita juu ya ekseli, ambako mara nyingi imefungwa kwa tepu nyeusi iliyokwisha kulegea kwa vumbi na matope ya murram. Rekebisha hapo kwanza. Kontrola nyingi zinazorudishwa dukani kwa madai kwamba zimekufa hazina kasoro yoyote. Trela ndiyo yenye waya mbovu.

Sasa plagi, na hapa naomba msomaji asiharakishe.

Plagi ya duara yenye pini saba tuliyoizoea hapa Kenya imepangwa kwa mtindo wa Ulaya, na katika mpango huo hakuna pini ya breki za umeme hata moja. Waya ya bluu, ambayo ni pini ya 2, ni ya taa ya ukungu ya nyuma. Fundi aliyezoea vifaa vya Marekani ataiona bluu na kusema hii ndiyo ya breki, kwa sababu Marekani bluu ni ya breki kweli. Kwa Australia, ambako kontrola kadhaa nzuri hutoka, breki ziko kwenye pini ya 5, ilhali kwa mpango wa Ulaya pini ya 5 ni taa ya nyuma ya kulia. Hebu fikiria matokeo: trela imeunganishwa kwa kufuata namba za Australia, gari kwa namba za Ulaya. Mchana kila kitu kinaenda sawa, ila breki za trela hazishiki. Jioni unawasha taa pale Molo, umeme wa taa ya nyuma unaingia moja kwa moja kwenye sumaku, na trela inaanza kujifunga breki ikiwa safarini. Dramu zinachemka kabla hujajua harufu inatoka wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua soketi, pima kila pini ya plagi ya trela na uandike kwenye karatasi inaenda wapi. Usiamini rangi, na usiamini neno la aliyekuuzia trela. Kisha chagua mpango mmoja, uutumie pande zote mbili, na karatasi hiyo ikae garini. Trela iliyotoka Marekani ina jambo moja zaidi: aghalabu balbu moja hufanya kazi ya breki na ya indiketa, wakati Prado iliyotoka Japani hutenganisha taa hizo. Utahitaji kifaa cha kubadilisha ishara hizo, la sivyo indiketa na taa za breki zitavurugana. Plagi pia ndiyo inayobeba hasi. Usitegemee mpira wa chuma wa kuvutia trela kupitisha umeme wa kurudi, maana una grisi na kutu, na breki zitashika leo na kesho zikatae.

Ukigeukia gari, la kwanza ni volti. Kontrola nyingi ni za volti 12. Prado na magari mengi ya aina yake ni volti 12, lakini kuna Land Cruiser za zamani za dizeli zenye betri mbili zinazotumia volti 24, nyingine kwenye staata peke yake na nyingine gari zima. Pima kwenye betri na pia kwenye taa za breki kabla ya kwenda dukani. Angalia pia uzito ambao mtengenezaji wa gari ameruhusu uvutwe, kwa sababu kontrola haiongezi uwezo huo hata kwa kilo moja. Trela nayo iwe imesajiliwa NTSA na ina namba yake inayoanza na herufi Z.

Chini ya usukani kuna mifuko ya hewa, na magari mengi yana mwingine wa kulinda magoti. Nyaya zake huwa na vifuniko vya manjano. Usizitoboe, usizipime, usizisogeze. Chomoa hasi ya betri na usubiri kabla ya kugusa chochote huko. Kwa Toyota maelekezo ya ufundi hutaja angalau sekunde 90. Ikiwa fundi wako anatafuta umeme kwa kuchoma nyaya kwa kile kitester chenye balbu, mwombe atumie multimita. Balbu huvuta umeme wa kutosha kudhuru kompyuta ya gari.

Halafu zile nyaya nne. Kwenye kontrola nyingi, zikiwemo za kampuni ya Tekonsha, nyeusi huenda kwenye chanya ya betri, nyeupe kwenye hasi, nyekundu kwenye swichi ya pedali ya breki, na bluu hurudi nyuma hadi soketi ya trela. Soma karatasi ya kontrola yako kwa sababu si zote zinazofuata rangi hizi. Nyeusi na nyeupe zikibadilishana, kontrola inaungua papo hapo.

Nyeusi iende betri moja kwa moja, siyo kwenye fyuzi ya redio au ya kiberiti cha gari, na karibu na betri iwekwe kikata-umeme kinachojirudisha chenyewe. Ukubwa wake hutajwa kwenye maelekezo, na mara nyingi ni ampea 20 au 30. Kila sumaku hula takriban ampea 3, hivyo ekseli mbili hufika 12. Nyeupe pia nashauri ifike kwenye betri yenyewe, kwa sababu skrubu ya bodi iliyopakwa rangi haipitishi umeme vizuri.

Unene wa waya ndipo watu wengi hujipunja. Umeme wa ampea 12 ukipita mita 7 za waya ya milimita mraba 1, karibu volti 1.4 zinapotea njiani kabla ya kufika soketi, na nyingine hupotea kwenye njia ya kurudi. Kwa waya ya milimita mraba 4 upotevu huo hushuka hadi chini ya nusu volti. Kwa hiyo tumia ya 4, au 6 kama trela ni ndefu. Unaponunua, uliza kama hiyo 4 ni milimita mraba za shaba au ni upana wa waya pamoja na ganda lake, kwa sababu kuna nyaya za magari zinazouzwa kwa upana wa nje na shaba yake ni chini ya nusu ya unayoitarajia. Epuka waya ngumu ya nyumba yenye uzi mmoja. Kwa mtikisiko wa barabara zetu itakatikia ndani ya ganda, na utahangaika kuitafuta.

Waya nyekundu ndiyo inayohitaji subira kuliko zote. Tafuta kwenye swichi ya pedali ule upande unaokuwa na volti 12 pedali ikikanyagwa na sifuri ukiiachia. Rudia kipimo ukiwa umewasha taa, kisha hazadi, kisha ufunguo ukiwa umetolewa, matokeo yasibadilike. Ukikosea ukachukua upande wenye umeme muda wote, kontrola itaamini kwamba umekanyaga breki safari nzima. Kwenye magari mapya zaidi swichi hiyo hupeleka ishara ndogo kwa kompyuta na haina volti 12 kamili. Hapo acha kubahatisha, tafuta waya ya taa yenyewe ya breki au kifaa kilichotengenezwa kwa gari hilo. Viungio vibanwe kwa koleo lake au vichomelewe kwa risasi, kisha vifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya bila kuivua ganda sivipendi hata kidogo, vinaingiza maji.

Kuhusu kontrola yenyewe, chagua inayopima jinsi gari linavyopunguza mwendo na kugawa breki kwa kiasi hicho. Zile za bei ya chini huongeza nguvu kwa kufuata muda tu, ukikanyaga kidogo au sana ni mamoja, na kwa miteremko yetu sizipendekezi. Ifungwe imara, kwa mwelekeo uliotajwa kwenye maelekezo, mahali mkono wako unafikia swichi yake ya mkono, ile inayofunga breki za trela peke yake, bila kutazama, na goti halitaigonga.

Usisahau swichi ya dharura ya trela. Ina betri yake ndogo na pini iliyofungwa kwa kebo. Trela ikichomoka, pini inatoka na breki zinajifunga zenyewe. Marekani huweka sharti kwamba breki hizo zishike angalau dakika 15. Kebo ifungwe kwenye chasisi ya gari, siyo kwenye mpira wa kuvutia wala kwenye minyororo, na betri ichajiwe kabla ya safari. Chomoa pini usikie sumaku zikishika, kisha irudishe.

Kabla ya barabara, kuna kipimo kizuri kisicho na gharama. Mtu mmoja abonyeze swichi ya mkono ya kontrola, mwingine asogeze dira karibu na kitovu cha kila gurudumu la trela. Hata dira ya simu inatosha. Sumaku ikipata umeme, sindano inaruka. Gurudumu ambalo sindano haitingishiki ndilo lenye shida.

Kurekebisha nguvu kufanyike kwenye lami tambarare isiyo na magari, trela ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Kule tambarare za Kano, upande wa Ahero, hutakosa sehemu kama hiyo. Nenda kilomita 40 kwa saa, bonyeza swichi ya mkono bila kukanyaga pedali. Trela inapaswa kulivuta gari nyuma waziwazi bila magurudumu yake kusimama na kuburuzika. Yakiburuzika, punguza, gari lisiposhikwa, ongeza. Ukishusha mzigo, rudia, kwa sababu trela tupu hufunga magurudumu kwa nguvu ile ile iliyokuwa sawa ikiwa imejaa. Na kwenye mteremko mrefu, weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka.

Kwa wenye mashua pale Dunga na fuo nyingine za ziwa: chomoa plagi kabla magurudumu hayajaingia majini. Ukitoka, nenda polepole ukibonyeza swichi ya mkono mara kadhaa hadi breki zikauke. Na kama trela ya mashua bado hujainunua, tafuta yenye breki za haidroliki, kwa sababu sumaku na nyaya zinazozamishwa kila wiki hazidumu, hata kama maji ya Victoria hayana chumvi.