Somo: Kufuatilia maikroRNA kwenye mkojo wa mtu anayeacha sigara

Moshi wa sigara hauishii mapafuni. Sumu zake huingia kwenye damu, figo huzichuja, halafu hukaa kibofuni kwa saa kadhaa mpaka mwenyewe aende msalani. Muda wote huo kuta za kibofu zimelowa kemikali kama 2-naftilamini na 4-aminobifenili, ambazo zinajulikana kuleta saratani. Ndiyo maana karibu nusu ya saratani za kibofu huhusishwa na uvutaji, na ndiyo maana mkojo unafaa sana kwa anayetaka kuona seli zinavyoumia na zinavyojitahidi kupona.

Nimeandika kwa wanafunzi wa maabara wanaotaka kuandaa ufuatiliaji wa namna hii. Asiye wa fani naye atatufuata bila shida.

Hatua ya 1: Elewa unachokitafuta

MaikroRNA ni kipande kifupi cha RNA chenye nyukleotidi kama 22. Haitengenezi protini. Inaikamata RNA mjumbe, ile inayobeba maagizo ya jeni ya kutengeneza protini, na kuizuia isisomwe, au inaifanya ivunjwe, kwa hiyo jeni huendelea kusema lakini kwa sauti ya chini. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliieleza ya kwanza mwaka 1993 kwenye mnyoo mdogo aitwaye C. elegans, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Mkumbuke huyo mnyoo, tutamhitaji mbele.

RNA iliyo tupu ikikaa kwenye mkojo huliwa upesi na vimeng'enya. MaikroRNA huokoka kwa sababu seli huitoa ikiwa ndani ya vifuko vidogo mno, au ikiwa imeshikwa na protini. Na kwa kuwa chujio la figo haliruhusu vifuko hivyo kupita kwa urahisi kutoka kwenye damu, nyingi unayoikuta imetoka kwenye figo lenyewe, mirija yake na kibofu. Wengi hukosea hapa: wanausoma mkojo kana kwamba wanasoma mapafu.

Hatua ya 2: Mlinganishe mtu na nafsi yake

Kuchukua wavutaji 30 na wasiovuta 30 ni rahisi, lakini makundi hayo hutofautiana kwa mengi: umri, dawa, pombe, kazi, maradhi. Ninasisitiza kwa nguvu zote: chukua mvutaji anayetaka kuacha, mpime kabla, kisha mpime baada.

Na "kabla" isiwe sampuli moja. Chukua angalau tatu kwa siku tofauti wakati bado anavuta. Zitakuonyesha maikroRNA yake hupanda na kushuka kiasi gani bila sababu yoyote. Usipojua hilo, kila mabadiliko utayaita uponyaji. Baada ya kuacha, endelea wiki ya 1, ya 4, ya 12, na ikiwezekana baada ya mwaka.

Hatua ya 3: Thibitisha kwamba kweli ameacha

Si kwamba watu ni waongo. Kuacha ni vita, na anayeteleza huona haya kusema. Mpokee bila kumhukumu, lakini pima.

Nikotini hupungua nusu kwa saa 2 hivi, kwa hiyo haifai. Kotinini, ambayo mwili huitengeneza kutokana na nikotini, huchukua kama saa 16 hadi 20 kupungua nusu, hivyo hukuonyesha siku chache zilizopita. Mtego ni huu: anayetumia vibandiko au gamu ya nikotini atakuwa na kotinini ingawa hagusi sigara. Kwake pima anabasini, ambayo imo kwenye tumbaku lakini haimo kwenye vibandiko, au kaboni monoksaidi kwenye pumzi, ukikumbuka kwamba hiyo huisha ndani ya siku moja hivi. Ukitaka kuona nyuma zaidi, NNAL, kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na sumu ya tumbaku, hubaki kwenye mkojo kwa majuma.

Hatua ya 4: Kukusanya na kuandaa

Chagua wakati mmoja wa siku na usiubadilishe. Mkojo wa katikati, chombo safi, barafu. Uzungushe mapema kwenye sentrifuji ili seli zilizokufa zikae chini, kwani zikipasuka humwaga RNA yake na kukuharibia kazi. Gawa kwenye mirija midogo na ugandishe kwa nyuzi joto hasi 80. Usigandishe na kuyeyusha mara kwa mara.

Kabla ya kuitoa RNA kwenye mkojo, ongeza kiasi unachokijua cha cel-miR-39. Hii ni maikroRNA ya yule mnyoo, binadamu hana. Ikitoka pungufu, ujue umeipoteza njiani, usimlaumu mgonjwa.

Nakumbuka sampuli moja iliyonisumbua siku mbili. Namba zilipanda ajabu wiki ya 4, tukaanza kufurahi. Nilipoinua mrija kwenye mwanga niliona upinki hafifu sana chini yake. Ilikuwa damu. Chembe nyekundu zimejaa maikroRNA ziitwazo miR-451 na miR-16. Tangu siku hiyo kila sampuli naipima damu kwanza, na wanawake tunapanga tarehe nje ya siku zao.

Hatua ya 5: Sawazisha maji

Hapa ndipo tafiti nyingi huanguka, basi twende taratibu. Tuseme kabla ya kuacha, maikroRNA unayoifuata ilionekana mzunguko wa 27 kwenye PCR, njia ya kuinakili tena na tena mpaka ionekane; ikiwa kidogo, huchelewa kuonekana. Baada ya wiki nne inaonekana mzunguko wa 29. Kila mzunguko ni mara mbili, kwa hiyo mizunguko miwili ni mara nne: imeshuka hadi robo. Habari njema?

Angalia kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo, ambayo hukuonyesha mkojo umechanganyika na maji kiasi gani. Mara ya kwanza ilikuwa miligramu 160 kwa desilita, sasa ni 40. Nayo ni robo. Mtu huyu amekunywa maji mengi tu, kwa sababu ndivyo alivyoshauriwa akibanwa na hamu ya sigara. Hakuna kilichobadilika.

Kreatinini hutegemea misuli, hivyo kulinganisha mzee na kijana kwayo kuna kasoro. Faida nyingine ya kumlinganisha mtu na nafsi yake.

Hatua ya 6: Soma kwa subira

Usitarajie zote zirudi pamoja. Zile zinazofuata uchochezi wa muda, yaani uvimbe wa seli zilizoumizwa na moshi, huweza kutulia mapema. Zile zinazotoka kwenye seli zilizokwisha kubadilika hukaa. Hata hatari ya saratani ya kibofu hushuka miaka inavyopita, lakini kwa muda mrefu hubaki juu kuliko ya asiyewahi kuvuta.

Maswali ya wanachama

*Neema:* Shikamoo mwalimu. Mume wangu ana miezi miwili hajavuta. Nimpeleke akapimwe maikroRNA tujue kama amepona?

Marahaba mwanangu, na umpe hongera zangu. Hapana, hiki bado ni kipimo cha utafiti, hakitampa jibu la kupona au kutopona. Msaidie aendelee hivyo hivyo.

*Juma:* Mwalimu, mshiriki wangu anaapa hajavuta wiki tatu, kotinini iko juu kidogo, na havai kibandiko. Nimtoe?

Usimtoe bado. Muulize anaishi na nani. Moshi wa wenzake ndani ya nyumba huingiza kotinini mwilini mwake, ingawa kwa kawaida kiwango huwa chini sana kuliko cha mvutaji. Pima pumzi, pima anabasini, kisha andika kwenye daftari kwamba anaishi na mvutaji. Seli za kibofu chake bado zinapokea moshi, kwa hiyo ni taarifa unayoihitaji.

*Rehema:* Mimi nakimbia sana tangu niache sigara. Inaharibu kipimo?

Mazoezi makali huweza kuingiza protini na hata damu kidogo kwenye mkojo. Usitoe sampuli siku hiyo wala kesho yake.

*Salim:* Baba yangu aliacha sigara miaka kumi iliyopita. Juzi aliona damu kwenye mkojo, haumwi popote, na imeisha yenyewe. Tusubiri?

Kaka, msisubiri. Damu isiyo na maumivu kwa mtu aliyewahi kuvuta ni dalili kuu ya saratani ya kibofu, na hutokea ikatoweka hivyo hivyo. Huenda ikawa jambo jingine kabisa, lakini daktari ndiye wa kuamua. Mpeleke leo, na mwambie daktari alivuta miaka mingapi na sigara ngapi kwa siku.